Pesa ya Paji la Uso

Kaka yangu Pastory alikuwa na sauti ambayo baba alitaka iwe ya kanisa peke yake. Baba yetu, Stanislausi Masatu, alikuwa katekista wa kigango chetu pale Mugango, na mkubwa kwa mdogo walimwita Mwalimu. Pastory hajamaliza shule ya msingi, tayari alikuwa anaimba wimbo wa katikati peke yake, bila kinanda, na wanaume waliozoea kukaa nje wakati wa masomo wakisubiri matangazo walikuwa wanaingia ndani ili wamsikie. Alipomaliza la saba hakuchaguliwa kuendelea. Akaenda Musoma mjini kutafuta kibarua, na alichokipata kikawa gitaa.

Hiyo ilikuwa miaka ya foleni. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na nyuzi za gitaa hazikuwepo hata kwa foleni. Wanamuziki walifumua waya wa breki ya baiskeli, uzi mmoja mmoja, wakaukaza kwenye gitaa, na vidole vilitoka damu mpaka vikaota sugu. Dizeli ya jenereta ikikosekana hakuna dansi. Umeme ulikuja mchana ukakatika jioni, kwa hiyo bendi yake, Makoko Jazz, ikawa inapiga Jumapili mchana. Vijana waliliita dansi hilo la mchana bugi. Baba hakuweza kulikubali.

"Siku ya Bwana, Pastory?"

"Baba, misa inaisha saa tano. Bugi linaanza saa tisa."

"Na hizo saa nne katikati unamfanyia Mungu nini?"

"Nakula, baba. Halafu nalala kidogo."

Mama alicheka hadi akajifunika uso kwa khanga. Baba hakucheka.

Vyombo vya bendi vilikuwa mali ya Makongoro, mwenye baa. Kiingilio cha mlangoni alikichukua yeye, akatoa gharama zake, kilichobaki akawagawia wanamuziki, na mara nyingi hakikubaki kitu cha maana. Lakini kulikuwa na pesa nyingine. Wimbo ukimgusa mtu, alinyanyuka kwenye kiti chake akacheza hadi jukwaani, akambandika mwimbaji noti kwenye paji la uso. Jasho liliishika. Pesa hiyo ilikuwa ya mwimbaji mwenyewe, na Makongoro hakuigusa, maana hiyo ndiyo desturi ya dansi popote.

Pastory alimpata Jenoveva kwenye dansi la namna hiyo huko Butiama, wakati wa mavuno. Jenoveva alikuwa binti wa Mzee Burito, mfugaji, Mkatoliki kama sisi, mjumbe wa halmashauri ya kanisa kwao. Alimfuata kaka yangu Musoma bila kuaga, kama wasichana wengi walivyofanya. Wazee wetu walikwenda kuomba radhi, wakakaa kikao, na mahari ikawa ng'ombe wanane. Wawili walitolewa palepale. Sita wakabaki.

Ndipo shida ya maisha yake ilipoanza. Mzee Burito alisema hakuna ndoa ya kanisani kabla ng'ombe hawajatimia, na padri hakutaka kufungisha ndoa ambayo mjumbe wake mwenyewe anaipinga. Kwa hiyo kaka yangu na Jenoveva walikaa Makoko, pale Musoma, kwenye chumba cha kupanga, wakazaa Dafroza, wakamzaa Nathanieli, na kila Jumapili wakati wa komunyo walibaki kwenye benchi watu wakiwaruka miguu. Kwa mila za huku, watoto wa mwanamke ambaye hajatolewa mahari yote ni wa baba wa mwanamke huyo. Burito alimwambia hivyo waziwazi.

"Mkwe wangu, hao watoto unanilelea tu. Nakushukuru kwa uji unaowapa."

Pastory alilisimulia neno hilo kwa kucheka, lakini nilimwona usiku huo hakula.

Jenoveva ndiye aliyepanga fedha za nyumba ile. Kanuni yake ilikuwa moja: pesa ya mlangoni ni ya kula, pesa ya paji la uso ni ya ng'ombe. Kila asubuhi baada ya dansi alizitandaza noti juu ya mkeka ili zikauke jasho, akazinyoosha kwa kiganja, akazitia kwenye kopo la mafuta ya kupikia lililokuwa chini ya kitanda. Unga ukiisha hakuligusa. Mtoto akiugua alikopa kwa jirani. Siku moja nilimkuta anakula ugali na chumvi, na kopo liko pale miguuni pake.

"Wifi, si utoe hata ya dagaa?"

"Skola, hiyo ni miguu ya ng'ombe. Nikila mguu, atatembeaje mpaka Butiama?"

Aliuliza mara nyingi kwa nini wasinunue ng'ombe mmoja mmoja kila pesa zinapotosha. Pastory hakutaka. Kwanza wizi wa mifugo ulikuwa umezidi kila upande, na ng'ombe wa kumweka kwa mtu mwingine ungeweza kuamka asubuhi ukaambiwa amechukuliwa. Pili, na hili ndilo lililokuwa la moyoni, alitaka awapeleke wote sita kwa siku moja, kwa nyimbo, Butiama nzima ione. Alikuwa mtu wa jukwaani. Hakupenda kuingia mahali kidogokidogo.

Lakini bei zilikuwa zinapanda. Kopo lilelile lililokuwa ng'ombe wanne, mwaka uliofuata lilikuwa ng'ombe watatu, ingawa noti zilikuwa zimeongezeka. Jenoveva alikuwa anasema kuna mwizi anaingia ndani ya kopo bila kulifungua. Mwaka wa tisini na tatu Burito akatuma ujumbe kwamba amechoka kusubiri. Pamba ya mwaka huo ikimalizika kununuliwa bila yeye kuona ng'ombe, atakuja kuchukua wajukuu wake.

Msimu wa pamba ndio uliokuwa msimu wa waimbaji pia. Mkulima wa Bunda akishalipwa alinunua baiskeli, khanga za mke, na siku moja ya kuringa. Bendi ilihamia Bunda mwezi wa saba, ikapiga kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko, na kwa kawaida kaka yangu alirudi na noti nyingi kuliko za mwaka mzima wa Musoma. Mwaka huo wakulima walikuwa wamekwisha kupeleka pamba kwenye maghala ya chama cha ushirika, ikapimwa, wakapewa stakabadhi, wakaambiwa wasubiri malipo. Wakasubiri mwezi wa saba. Wakasubiri wa nane. Ukumbini walifika, kwa kuwa kiingilio mtu hakosi, lakini hakuna aliyekuwa na ya kubandika.

Mimi nilikuwa nimekwenda kumsaidia Jenoveva kuuza maandazi mlangoni, kwa hiyo niliyaona haya kwa macho yangu. Alikuwepo mkulima mmoja aitwaye Jilala, mtu mnene wa utani mwingi. Pastory aliimba wimbo wake wa kusifia wakulima wa bonde lile, akalitaja jina la Jilala katikati, kama alivyozoea kila mwaka. Jilala akasimama. Akajipapasa mifuko yote, watu wakaanza kumzomea.

"Jilala, leo umetajwa bure!"

"Kopa kwa mkeo!"

Jilala akatoa stakabadhi yake ya pamba, akaikunjua, akacheza hadi mbele akitikisa mabega, akambandika kaka yangu kwenye paji la uso. "Hiyo ni kilo themanini, daraja la kwanza!" alipiga kelele. "Nani mwingine amewahi kumpa mtu shamba zima kichwani?"

Ukumbi ulilipuka. Wengine hawakutaka kushindwa na Jilala. Kabla jua halijazama Pastory alikuwa amebandikwa stakabadhi hadi zikawa zinamwangukia puani anapoimba. Jumapili iliyofuata ilikuwa hivyohivyo. Makongoro alimwambia mlangoni kwake hapokei karatasi, lakini cha paji la uso si chake, hiyo ni shauri ya Pastory mwenyewe.

Kaka yangu alizipigia hesabu zile kilo kwa bei ya msimu, akapata ng'ombe wawili na nusu. Akamwonyesha mkewe. Akamwambia kuna wakulima wenye shida ya haraka, wenye wagonjwa na misiba, ambao wako tayari kuuza stakabadhi zao kwa nusu ya thamani. Kopo ni ng'ombe watatu, akasema. Likigeuzwa stakabadhi linakuwa ng'ombe sita siku ambayo chama kitalipa.

Jenoveva aliichukua stakabadhi moja akaigeuza mbele na nyuma. "Baba Dafroza, nionyeshe titi lake. Nitaikamua wapi hii?"

"Serikali ndiyo iliyoandika hapo."

"Hapo limeandikwa jina la Jilala. Siyo lako."

"Jilala na mimi tutakwenda dirishani pamoja. Ameniahidi mbele ya watu."

"Alikuwa amelewa akiahidi."

"Jenoveva, kopo linapungua kila siku tukiwa tumelala! Wewe mwenyewe umesema. Baba yako anakuja. Unataka nimpe watatu niseme asante?"

"Ndiyo. Mpe watatu. Watatu wana kwato."

Hakumsikiliza. Simlaumu kwa ulafi; hakuwa mlafi. Alikuwa mtu aliyeona kwamba kuweka akiba kwa uaminifu kumemrudisha nyuma miaka mingi, na sasa mlango umefunguka mara moja tu. Alilichukua kopo hadi Bunda, akarudi nalo limejaa karatasi.

Chama hakikulipa. Mwezi wa tisa karani alisema fedha ziko njiani. Mwezi wa kumi alisema atalipwa mwenye jina na kadi ya uanachama tu, na Pastory akaanza kuzunguka vijijini kuwatafuta wakulima wake. Jilala alikuja naye dirishani kweli, mara tatu, namshuhudia hilo. Wengine walisema walikuwa wamelewa, wengine walisema dansi ni dansi, nani alipokea karatasi akidhani ni fedha. Baadaye dirisha likafungwa kabisa. Msimu uliofuata wanunuzi binafsi waliingia na magari yao na fedha taslimu mkononi, wakalipa palepale kwenye mzani, lakini walilipa pamba. Karatasi za mwaka uliopita hakuna aliyetaka hata kuziangalia.

Burito alikuja mwezi wa kumi na moja, na mtoto wa kaka yake aitwaye Robi. Alikaa kwenye stuli, akaulizwa hali za nyumbani akajibu vizuri, akaletewa samaki sato akasema ameshiba. Pastory akamwekea kopo miguuni, akamweleza yote. Mzee alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza.

"Mkwe wangu," alisema, "mimi pia nina stakabadhi. Nililima ekari mbili. Sijalipwa na mimi."

"Basi unaelewa, mzee."

"Naelewa. Lakini sikuitumia kuolea."

Robi akamnyanyua Nathanieli begani. Mtoto alidhani anapelekwa kutembea, akafurahi. Dafroza alikuwa mkubwa kidogo. Alishika mguu wa kitanda, na Jenoveva ndiye aliyembandua vidole, huku analia, kwa sababu Nathanieli alikuwa bado mdogo na yeye mama ilikuwa lazima awafuate. Pastory alisimama mlangoni mikono imening'inia. Sijawahi kuona mtu mrefu akawa mfupi vile.

Bendi nayo ilikwisha. Disko liliingia na kaseti zake, mtu mmoja na spika mbili wakafanya kazi ya watu tisa, na Makongoro akauza vyombo vyake. Kaka yangu akarudi Bunda akiwa kuli wa wanunuzi binafsi. Alikuwa anaingia ndani ya magunia makubwa yanayoning'inizwa, anashindilia pamba kwa miguu kuanzia asubuhi, vumbi la nyuzi likimjaa puani na kifuani. Jioni alitoka mweupe nywele zote kama mzee. Alilipwa taslimu. Sasa hakuweka kitu kwenye kopo. Kila msimu ulipoisha alienda mnadani akanunua ng'ombe mmoja, akamswaga mwenyewe kwa miguu hadi Butiama, akamfunga kwenye zizi la Burito, akawaona wanawe, akalala usiku mmoja kwenye nyumba ya wageni, akarudi. Nyimbo hakuimba tena. Alipeleka wanne kwa namna hiyo, na safari ya nne alikohoa njia nzima.

Mwaka wa tisini na nane alirudishwa nyumbani Mugango hawezi kutembea. Hospitali walisema kifua. Tulimlaza chumba cha mbele. Padri alikuja kumwona, wakazungumza, akatoka akaniambia pale uani kwamba mtu aliye katika hatari ya kufa anaweza kufungishiwa ndoa kitandani, ilimradi mwanamke aletwe akubali mwenyewe. "Harakisheni," alisema.

Nilikwenda Butiama mimi. Nilimkuta Mzee Burito zizini anamkagua ndama kwato.

"Tumsifu Yesu Kristo, baba."

"Milele, amina. Umekuja na ng'ombe?"

"Nimekuja na miguu tu, baba. Pastory anakufa."

Akamwachia ndama. Nikamweleza alichosema padri.

"Binti yangu, mimi simchukii kaka yako. Alikuwa anakujaga hapa na ng'ombe wake mmoja, anakohoa, anamfunga kamba mwenyewe. Mwenye dharau hafanyi hivyo. Lakini bado wawili. Nina wadogo zangu hapa, na wao wana mabinti. Nikisamehe mimi, kesho wao watadai kwa mdomo gani?"

"Baba, Jumapili haitamkuta."

Akatazama upande wa nyumba, ambako Jenoveva alikuwa amesimama na sufuria mkononi ametusikia. "Vaa," akamwambia. "Wavalishe na watoto. Na mimi nakuja." Kisha akanigeukia. "Hao wawili sitamdai mgonjwa. Nitamdai Mwalimu."

Ndoa ilifungwa kesho yake asubuhi. Jenoveva alivaa gauni langu la Pasaka. Padri alipomuuliza Pastory, hakutoka sauti yoyote, ikabidi padri ainame aweke sikio karibu na mdomo, akainuka akasema, "Amekubali." Akawapa komunyo wote wawili. Dafroza alishika mshumaa, na nta ilimdondokea mkononi asiuachie. Tulikula wali. Pastory alifariki usiku wa siku ya pili, mkewe akiwa amemshika miguu. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, na kila siku nalia vilevile.

Baada ya mazishi wazee wawili walikaa uani. Baba alisema Mungu amekwisha kuwaunganisha, na sakramenti hainunuliwi.

"Mwalimu, sijauza sakramenti," Burito alijibu. "Nilikuwepo, na wali wenu nimekula. Lakini watoto hawa nimewalea miaka minne kwa maziwa yangu. Bado wawili. Nasubiri."

"Sina ng'ombe."

"Una maksai wawili pale nawaona."

"Wale ni wa kulimia."

"Haya. Nitasubiri nikiwa nao wajukuu."

Wakaondoka wote kwa gari la mchana, Jenoveva na kitambaa cheusi kichwani, mjane wa kanisa ambaye kwa mila hakuwa mke wa mtu. Mimi nafundisha chekechea ya parokia. Mshahara wangu hauwezi kununua hata mbuzi wawili. Nilisali. Nilimkumbusha baba deni lile mara moja tu, akaniambia nisimfundishe dini.

Mvua zilipoanza alitoka kila alfajiri na maksai wake. Nilimshikia jembe la kukokotwa tukalima. Kisha Jenoveva akaleta salamu kupitia mtu wa Butiama: shule imetaka majina kamili ya watoto, na babu yao ameandikisha Dafroza Burito na Nathanieli Burito. Nilimwambia baba wakati tuko katikati ya mstari. Hakugeuka. Alilima mstari ule hadi mwisho, akalima na mwingine, uliokuwa umebaki kufikia mpaka wa shamba. Halafu akawasimamisha, akawavua nira, akawapangusa shingo kwa mkono, mmoja kisha mwingine, na akanikabidhi kamba.

"Ukienda Butiama, lami uivuke mapema pale Kiabakari," alisema, "kabla mabasi ya Mwanza hayajaanza kupita. Huyu mwekundu anaogopa honi."